Karakana Iliyofutwa kwa Brashi

Bortolo Fassetta alijifunza kuchora kwenye mapazia ya jumba la maigizo, na mazoea hayo hayakumtoka hata alipoanza kuwachorea wageni picha za mji wetu wa Venisi. Mnara ukiwa mfupi, anaurefusha. Nyumba ikikaa vibaya, anaihamisha. Hayo hayakuniudhi, wageni walitaka kufurahishwa. Kilichonichoma roho ni kuifuta karakana yetu ya kuunda gondola, zile mashua nyembamba za mifereji yetu.

Alikaa wiki nzima ukingoni mwa mfereji na kisanduku chake cha giza, kile chenye kioo kinachoangusha sura ya majengo juu ya karatasi. Kwa kuwa kisanduku hakidanganyi, watu waliamini kwamba na picha haidanganyi. Basi mahali pa karakana, iliyojengwa na babu yake mume wangu, akachora ngazi pana za mawe zinazopanda hadi kasri la jirani yetu tajiri, Mheshimiwa Lunardo.

Mheshimiwa akaipeleka picha mahakamani. Eti kiwanja ni chake, sisi tumevamia juzi juzi!

"Bortolo, sema ukweli, tutafukuzwa," nilimwambia mlangoni mwa mahakama.

"Mama Orsola, nikisema ngazi nilizibuni, nani atanunua picha zangu tena?"

"Huna haya! Mume wangu ndiye aliyekupa kiti ukakalia ukichora!"

Akanipita, akaingia ndani. Nilitamani kumzaba kibao.

Ndani nikaisogelea picha. "Mheshimiwa hakimu, nyumba hii pembeni si yako?"

"Ni yangu," akatabasamu. "Imetoka vizuri."

"Kutoka kwetu haionekani hata kidogo, iko nyuma ya kanisa. Tena ina ghorofa tatu. Hapa zimekuwa nne!"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akawa mwekundu, akaitazama ile ghorofa ya nne kwa muda mrefu. Alijua, nasema alijua!

"Kisanduku hakina ugomvi na mtu," akasema. "Picha ni sahihi."

Karakana ikabomolewa kabla ya Kwaresima. Mume wangu sasa ni kibarua katika karakana ya mwingine. Mheshimiwa Lunardo akajenga ngazi pale pale, mafundi wakizipima kutoka kwenye picha.

Jana mgeni mmoja alisimama pale, nakala ya picha mkononi, akilinganisha huku na huku.

"Mchoraji mwaminifu kweli," akaniambia. "Hajaongeza hata jiwe moja."