Waliomsifu Wembe

Wembe alitoka kwenye ukumbi wa chama cha waandishi akiwa amesifiwa mpaka akatamani kumzaba mtu kibao.

Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya safu yake ya gazeti la Jumapili. Miaka nenda rudi alikuwa akichambua vitabu vyao humo, na wengi walitoka na makovu. Walisema Wembe akikusifu unavimba kichwa, akikuponda unahama mtaa. Sasa na yeye alikuwa ameandika riwaya, ya kwanza maishani mwake, na jambo moja lilimnyima usingizi: hakujua kama ni nzuri. Vya wengine alivipima kwa kurasa chache tu na kutoa hukumu. Chake alikitazama akaona maandishi matupu.

Chama kilikuwa na utaratibu wake. Kabla kitabu cha mwanachama hakijachapwa, kiwanda cha uchapaji kiliunga nakala chache za majaribio, wanachama wakapewa wakasome, kisha wakakutana kusema walichokiona. Mwenye kitabu alikaa kiti cha mbele akiwapa wenzake mgongo, na hakuruhusiwa kufungua mdomo mpaka wa mwisho amalize. Waliamini mtu husema ukweli kwa urahisi zaidi akiwa anaongea na kisogo.

Basi kisogo cha Wembe kiliambiwa uongo asubuhi nzima. Mwenyekiti alisema riwaya ile ni hazina. Mama wa Hadithi, anayewaandikia watoto, alisema aliianza akashindwa kuiweka chini. Mtu wa Tamthilia alisema wahusika wamekaa sawasawa. Wembe aliyajua maneno hayo yote, maana ndiyo aliyoyatumia mwenyewe kwa vitabu alivyovipekua huku akisubiri zamu yake kwa kinyozi. Damu ilimchemka. Wanamwona mtoto mdogo, wampake mafuta kwa mgongo wa chupa!

Ndipo aliposimama Mshairi.

"Sura ya kumi na moja," Mshairi alisema, sauti ikimtetemeka. "'Maji ya Uvuguvugu.' Ndugu zangu, nililia. Mke wangu akaja mbio kuniuliza kuna msiba gani."

Wembe aliachia pumzi. Hiyo ndiyo sura ambayo mama anamwogesha mwanawe aliyekufa, anampimia maji kwa kiwiko kama alivyozoea, asimuunguze. Aliiandika akaichana, akaiandika tena. Sura hiyo ikisimama, riwaya imesimama. Ikianguka, hakuna kitu. Angalau mmoja alikuwa amesoma. Hilo moja ndilo alilotoka nalo pale ukumbini, akaenda nalo kiwandani kutoa ruhusa kitabu kichapwe.

Fundi mkuu wa kiwanda alimpokea huku akijifuta wino mikononi, macho yake yakiangalia kila kitu isipokuwa mgeni.

"Mzee, kuna jambo. Ila usinipigie kelele."

"Sema."

"Zile nakala za majaribio, tulipoziunga tulisahau fungu moja la kurasa. Kwenye nakala zote. Sura ya kumi na moja haimo."

"Haimo vipi?"

"Haimo kabisa. Unatoka ya kumi unadondokea katikati ya kumi na mbili. Jina lake tu ndilo limebaki pale mbele, kwenye yaliyomo. Niliogopa kukwambia."

Wembe alikaa juu ya rundo la karatasi bila kukaribishwa. Kisha akatoa simu, akampigia Mshairi pale pale, mbele ya fundi na mashine zake.

"Ulilia wapi?"

"Nini tena, kaka?"

"Sura ya kumi na moja. Ulilia sehemu gani?"

"Aa, si pale... pale kwenye yale maji."

"Hakuna maji! Hakuna sura! Hawakuiweka, wewe mnafiki! Umelilia orodha?"

Mshairi alipojibu, machozi yote yalikuwa yamemkauka.

"Sasa ulitaka niseme nini, Wembe? Nina diwani inatoka mwezi wa sita. Nani ataichambua? Si wewe? Kila mtu pale ukumbini ana kitabu chake njiani. Wewe mwenyewe umetufundisha kuogopa, halafu leo unataka tuwe majasiri kwa faida yako."

Akakata simu. Wembe alitukana matusi ambayo gazeti lake lisingeyachapa. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Wote! Hata mmoja hakugundua kwamba mtoto anaumwa kwenye sura ya kumi, na kwenye ya kumi na mbili mama yake anagawa nguo zake kwa majirani.

"Hakuna aliyelalamika?" alimuuliza fundi.

"Mmoja. Alikuja wiki iliyopita na nakala yake mkononi, akadai kurasa zake kama mtu aliyeibiwa. Nikamtolea lile fungu peke yake. Yule mama wa matangazo ya redio. Shemeji yako." Fundi akakohoa. "Ila mzee, nipe jibu leo. Jioni hii mashine iko tayari, kesho inaingia kazi ya vitabu vya shule. Tuchape au tusichape?"

"Nitakupigia," Wembe alisema, akaondoka.

Shemeji huyo alikuwa mdogo wa mkewe. Aliwahi kuandika riwaya moja. Wembe aliiponda Jumapili moja akasema inafaa kufungia misumari, na tangu hapo mwanamke yule hakuandika tena ila matangazo ya sabuni na dawa ya mbu. Bado alikuwa mwanachama, lakini pale ukumbini leo hakutokea. Kwenye shughuli za familia alimpa Wembe salamu na sahani, basi.

Alimkuta ghorofa ya tatu, anapiga pasi. Nakala ya riwaya ilikuwa mezani, sura iliyokosekana imebanwa mahali pake. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na alama za penseli, nyingi, mpaka mwisho.

"Umesoma," Wembe alisema. Hata kumsalimia alisahau.

"Nimesoma, shemeji. Karibu."

"Wale wenzako ni wanafiki wakubwa! Wamenidanganya mchana kweupe. Nakuomba wewe uniambie. Ikiwa mbaya, sema mbaya. Sitakasirika."

"Umeshakasirika." Aligeuza shati, akapiga pasi kola. "Mimi uliniambia mjane wa riwaya yangu hana uti wa mgongo. Kwamba analialia tu mwanzo mpaka mwisho."

"Hayo ya zamani, shemeji."

"Mjane wangu ndiye aliyeichoma ile nyumba. Iko sura ya nne. Hukufika sura ya nne."

Wembe alijaribu kuikumbuka sura ya nne, akaikosa. Alichokumbuka ni jalada, na kiti cha kinyozi.

"Miaka yote hiyo nilikuwa najiuliza nimekosea wapi," shemeji aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka. "Nikaisoma na kuisoma, natafuta huo uti wa mgongo. Dada ananiambia achana naye, ndivyo alivyo. Nikajiona sijui kuandika! Mpaka hii yako ilipoletwa. Nilipoona sura haimo nikaifuata, maana kitabu cha mtu hakisomwi nusu. Hilo tu. Sikwenda kwa ajili yako."

"Basi niambie! Nzuri au mbaya? Neno moja."

Wembe alinyoosha mkono kuichukua nakala. Shemeji aliweka kiganja chake juu yake.

"Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili kwa kupenda, au kwa kutafuta makosa, hilo utajua mwenyewe."

"Shemeji, tafadhali."

"Msalimie dada."

Akamfungulia mlango, akaufunga nyuma yake bila kuubamiza. Wembe alikuwa bado amesimama kwenye ngazi, ngumi zimekunjwa, simu ilipoita.

"Mzee, ndiyo hivyo, vijana wanataka kwenda nyumbani," fundi alisema. "Tuchape au tusichape? Wewe ndiye unayejua vitabu."

"Sijui," Wembe alisema.

"Nini?"

"Nimesema sijui!" alifoka, na majirani wakafungua milango kuangalia nani anagombana na nani.