Ngumi ya Mama Mkwe

Begi la mama mkwe lilikuwa limeshawekwa kando ya mlango, na aliyelipanga ni Kioo mwenyewe. Magauni aliyakunja yakalingana pembe kwa pembe, vitambaa vya kichwa akavipanga kwa rangi, viatu akavifunga kwenye gazeti visije vikachafua nguo. Ukimtoa mtu nyumbani kwako, angalau mtoe na nguo zilizonyooka. Ndivyo alivyokuwa Kioo, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita hivyo, jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Sufuria zake ungeweza kujitazamia ukachana nywele.

Tena hakuna aliyetamka neno kumtoa. Walisema kupumzika. Mama anakwenda kupumzika kwa binti yake. Mume wa Kioo, seremala, alilisema neno hilo asubuhi huku akijitazama kucha, kisha akawahi karakana asije akawepo gari litakapofika. Wanaume bwana! Gogo gumu kama jiwe analipasua akipiga mluzi, lakini kumtazama mama yake usoni siku hiyo kulimshinda.

Kisa kilikuwa moshi, na nyuma ya moshi kulikuwa na kifua cha mtoto. Binti yao walimwita Kasuku kwa kuwa alikuwa hanyamazi hata akitafuna. Kasuku alikuwa na pumu. Enzi zile walizopikia mafiga matatu, kifua chake kilikuwa kikilia filimbi, maneno yakimkauka mdomoni, na nyumba ikawa kimya, kimya cha kutisha. Daktari hakuwazungusha. "Dawa nitawapa," alisema, "lakini dawa haishindani na moshi. Mkiendelea kumweka kwenye moshi, siku moja mtamleta hapa mkiwa mmechelewa."

Sentensi hiyo ilimganda Kioo kichwani. Akaanza kutafuta jiko kama mtu atafutaye mchumba. Lile la bati la dukani lilimvutia kwa kung'aa, lakini ubavu wake ulikuwa unaunguza, na moshi wake, hata ukiwa mdogo, ulibaki humo humo ndani. Akachagua la kujengwa kwa matofali na udongo, lenye dohani ya kupeleka moshi juu ya paa. Fundi wa majiko alipokuja hakuuliza habari ya vipimo. Aliuliza nani hukaa motoni muda mrefu kuliko wote. Wakamwonyesha mama mkwe. Akamwambia akunje ngumi, na kwa ngumi ile akajenga tundu la hewa, chini ya wavu wa chuma unaobeba kuni.

"Jiko linapumulia hapa," fundi alisema. "Ngumi ya mama iingie na kutoka bila kukwaruzwa. Kuni ziwe kavu, mzipasue nyembamba. Majivu yatoke kila asubuhi, dohani isuguliwe kila mwezi. Na ukiona ufa, ziba kwa udongo na majivu."

Kioo aliyarudia maneno hayo mpaka akayakariri. Mama mkwe yeye alicheka. "Jiko gani lina mdomo mdogo kama bibi harusi anayeona haya? Gogo litalila saa ngapi?"

Lakini mtoto alipumua. Filimbi ikakoma. Dawa ya kuvuta ikakaa kabatini mpaka Kioo akawa hakumbuki iko rafu ipi, na Kasuku akaongea mpaka majirani wakamwomba Mungu awape subira.

Kisha moshi ukarudi. Haukuja kwa kishindo. Ulikuja kidogo kidogo kama mgeni anayeanza kwa kuomba maji ya kunywa. Kwanza macho yakawasha. Halafu ukuta mweupe ukaota masizi. Halafu jioni moja Kasuku akanyamaza katikati ya maneno, na wote jikoni wakaisikia ile filimbi.

Kioo akatafuta mchawi. Kuni alizigonganisha moja moja akizisikiliza, maana kavu hulia ka, na mbichi hulia bu. Zote zililia ka. Seremala akapanda paa na brashi, akateremka akisema dohani ni nyeupe pee. Majivu aliyatoa Kioo mwenyewe kila asubuhi kwa upawa mrefu, kazi aliyomnyang'anya mama mkwe tangu siku ya kwanza alipoyamwaga sakafuni. Na udongo je? Kila Jumamosi alilisiliba jiko lote kwa udongo laini na kitambaa, juu, ubavuni, mdomoni, hata ndani ya lile tundu la chini, kwa sababu weusi wake ulimtia kinyaa. Fundi alisema azibe ufa. Kioo hakuwa mtu wa kungoja ufa. Jiko lake lilipendeza kuliko sebule za watu.

Basi kosa likatafutiwa mtu, na mtu akapatikana. Siku moja, akifagia, Kioo alikuta chini ya kigoda cha mama mkwe kipande cha gogo bichi, kikichuruzika utomvu. Mama mkwe hakukana.

"Nilitaka moto ukae, mwanangu. Mara moja tu."

Mara moja! Kikulacho ki nguoni mwako, Kioo alijisemea, na tangu hapo hakuyaona mengine. Akampiga marufuku kukaribia jiko. Moshi haukukoma, kwa hiyo akajua anafanya kwa siri. Kasuku alipozidiwa wakamkimbiza hospitali, Kioo akiwa amemkumbatia na kuhesabu kila pumzi kwa midomo, na waliporudi alimpigia simu wifi yake. Alisema maneno ambayo mtu hasemi akiwa na akili zake: "Njoo umchukue mama yako kabla hajaniulia mtoto."

Na leo ndiyo siku yenyewe. Gari lilikuwa njiani.

Kioo aliingia jikoni kuchemsha chai ya kumuaga. Kuni alizitoa stoo, ambako alikuwa amezifungia kwa kufuli na ufunguo akaulaza chini ya mto wake. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa nyuma, mikono mapajani, amevaa nguo za safari. Kasuku alikuwa mkekani akichora, hasemi kitu. Kioo alipanga vijiti vyembamba, akawasha. Moto ulishika, ukatetemeka, ukalala. Kisha moshi ukamiminika mdomoni mwa jiko, mzito, wa kijivu, ukatambaa kuelekea mkekani.

"Umeweka nini humu?" Kioo aligeuka. "Mama! Hata leo? Siku ya kuondoka?"

Mama mkwe alitazama mikono yake.

"Nakuuliza! Umeweka nini?"

Aliyejibu ni Kasuku, na jibu lilikuwa kikohozi. Penseli ilimdondoka. Mabega yalipanda na kushuka, shingo ikaingia ndani kwa kila pumzi, na ile filimbi ikaanza, nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Kioo alimnyanyua akatoka naye uani mbio, akamkalisha akiwa wima, akarudi kabatini. Jana alikuwa amelipanga upya kabati lote. Rafu ya juu, dawa haipo. Ya kati, haipo. Mungu wangu, iko wapi? Alipangua glasi alizokuwa amezipanga kwa urefu, mbili zikaanguka zikavunjika, na dawa akaikuta nyuma yake. Akaitikisa akikimbia.

"Vuta, mwanangu. Vuta polepole. Tena. Nitazame mimi."

Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Kioo aliitazama midomo ile na hakuna kingine alichokiona duniani. Alikuwa tayari kubeba mtoto na kukimbia kwa miguu mpaka hospitali. Mvuto mwingine. Mwingine. Kisha, taratibu, filimbi ikashuka sauti, mabega yakalegea, na Kasuku akanong'ona neno moja, "Maji." Kioo alilia hapo hapo, bila kujificha.

Alipoinua uso, moshi jikoni ulikuwa unapungua. Mama mkwe alikuwa amevuta kuni zote kwa koleo, akazizima kwenye ndoo ya mchanga. Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko na nguo zake za safari, amechafuka majivu mpaka viwikoni.

"Nimesikia nimeweka kitu," alisema bila kugeuka. "Nami nataka kukiona hicho nilichoweka."

Akakunja ngumi akaipeleka kwenye tundu la hewa. Ngumi ikagota. Akaisukuma. Ikagota tena, vifundo vikakwaruzika kwenye udongo. Akaitoa akaitazama, akaipeleka mara ya tatu, safari hii vidole vikiwa vimenyooka, na hata hivyo mkono uliishia kwenye vifundo.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mimi ni mzee. Wazee tunakonda. Hatuoti ngumi mpya."

Kioo alikuja akainama. Alilitazama lile tundu kama analiona kwa mara ya kwanza. Lilikuwa laini, la mviringo, limesilibwa vizuri, zuri kabisa, na dogo kama kikombe cha kahawa. Alichukua patasi ya mumewe juu ya dirisha akagonga ukingoni. Kikabanduka kipande kinene. Ubavuni mwake zilionekana tabaka juu ya tabaka, nyembamba, kama maganda ya kitunguu. Kila tabaka ilikuwa Jumamosi moja. Zote zilikuwa kazi ya mikono yake.

Aligonga, akagonga, akachokonoa kwa kucha zake alizozikata vizuri jana yake, mpaka ndoo ikajaa vipande na matofali ya fundi yakaonekana. Kisha akapanga vijiti vile vile vilivyotoka stoo, akawasha. Moto ulivuta pumzi kwa sauti. Miali ikasimama, myeupe na ya njano, na moshi ukapanda dohani kama ulikuwa umekatiwa tiketi.

"Mama," Kioo alianza.

"Mimi sina la kusema," mama mkwe alimkata, akijipangusa majivu. "Aliyefunga begi ndiye mwenye kulifungua."

Hapo honi ikalia nje.

Wifi aliingia na manukato yake na haraka yake. Alimbusu Kasuku uani, akaingia jikoni, akanusa, akatazama moto. "Hee! Wifi, mbona leo hakuna moshi hata kidogo?" Akamgeukia mama yake, uso ukamlegea kwa huzuni. "Leo hujagusa jiko, mama, au siyo? Basi umejionea mwenyewe. Mama jamani. Na mjukuu wako mwenyewe!"

Mama mkwe aliinama akashika mkanda wa begi.

Nje dereva alipiga honi tena. Kioo alisimama na patasi mkononi. Angeweza kunyamaza, ndiyo, wazo hilo lilipita, tusimsingizie utakatifu. Gari lingeondoka, jiko lingepumua, mtoto angepumua, na mtaa ungesema Kioo alijua tangu mwanzo. Mama mkwe alivuta begi hatua ya kwanza, na kigurudumu chake kibovu kikakwaruza ile sakafu safi.

"Ni mimi," Kioo alisema.

"Nini?"

"Wifi, ni mimi. Siyo mama." Aliisukuma ndoo kwa mguu mpaka mbele ya wifi yake. "Huu udongo wote nimeusiliba mimi, kila wiki, ndani ya tundu la hewa. Jiko lilikuwa halipumui. Mama alilitia kuni mbichi mara moja tu, kama alivyosema. Mimi nimelikaba koo miezi yote hii, nikamtaja yeye. Nilikwambia anamuua mtoto. Aliyekuwa anamuua ni mimi." Akapiga magoti pale pale kwenye majivu na vipande vya glasi. "Nisamehe, mama. Nimekukosea mbele ya mwanao na mbele ya mjukuu wako."

Mama mkwe aliachia begi. Alikaa kwenye kigoda chake polepole, akatazama moto.

"Umeona kwamba siku hizi simpakati Kasuku?" aliuliza. "Ulidhani nimenuna."

Kioo aliitikia kwa kichwa.

"Sikununa. Nilianza kuamini. Mtu ukiambiwa kila siku, unaamini. Kila mara mtoto akikohoa natazama mikono yangu, najiuliza, labda nimefanya nikasahau. Labda uzee umenichukua akili, namuua mjukuu wangu bila kujua." Aliinua ile ngumi iliyokwaruzika. "Niliogopa kumgusa, mwanangu. Kumgusa tu."

Wifi alitoka nje kumwambia dereva aondoke, na alipopita uani alisikika akipenga kamasi.

Kasuku aliingia na kikombe chake cha maji, akapanda mapajani kwa bibi yake bila kumwuliza mtu, akaanza kueleza kwamba amechora jiko, na jiko lina pua, na pua ina matundu mawili siyo moja, kwa sababu nani anapumulia tundu moja, bibi, nani? Mikono ya mama mkwe ilibaki hewani kidogo, kisha ikashuka ikamshika.

Kioo alijivuta kwa magoti mpaka kwenye begi, akavuta zipu. Alitoa gauni la kwanza, la pili, vitambaa vile alivyovipanga kwa rangi, na kila alichokishika kilibaki na alama ya vidole vitano vya udongo na masizi. Hakuona.

"Unazichafua nguo zangu," mama mkwe alisema.

"Nitazifua, mama," Kioo alisema, akaendelea kuzitoa.