Mifereji Saba ya Gobori la Baba Mkwe

Wifi yangu alikuja na gobori la marehemu baba yao limeviringishwa kwenye blanketi, akalilaza juu ya meza ya jikoni katikati ya vikombe, akamwambia mume wangu, "Kaka, lifufue hili. La sivyo litakuwa taa."

Hakuwa anatania. Mtoto wa marehemu mdogo wao alikuwa amemaliza kupaka rangi sebule yake, akaomba gobori la babu alisimamishe pembeni, apitishe waya ndani ya mtutu na kuweka balbu mdomoni. Gobori lilikuwa la ukoo mzima, kwa hiyo wakapatana. Klabu ya bunduki za kale ikilikubali, litabaki kwa wifi na atalipiga mpaka achoke. Likikataliwa, litakuwa taa.

Klabu ile ina sharti moja. Risasi tatu mfululizo zitue ndani ya upana wa sahani ya kikombe. Wifi alikuwa ameshajaribu mara moja. Ya kwanza ilipiga ukingo wa ubao wa shabaha, ya pili ikachimba ardhi, ya tatu hadi leo haijulikani ilikokwenda.

"Ilikwenda kumsalimia baba," wifi akasema. "Imwulize kwa nini kaka zangu walifundishwa kulenga, mimi nikafundishwa kulipangusa vumbi."

Alisema huku anacheka, lakini nilimwona alivyolifunua lile blanketi, taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala.

Mume wangu ni fundi wa mashine aliyestaafu, na mikono yake siku hizi inatetemeka kidogo. Alimulika tochi ndani ya mtutu. Ni mtutu mpana, dole gumba langu linaingia bila kusukuma. Ndani yake kuna mifereji saba inayojisokota polepole kama kamba, na hiyo ndiyo huizungusha risasi ili isiyumbe njiani. Kule chini mifereji ilikuwa bado inaonekana. Karibu na mdomo, miaka mingi ya kushindilia baruti na risasi kwa ufito ilikuwa imeilamba yote. Alipotumbukiza risasi ya mviringo, ilishuka yenyewe ikigongagonga kama mlevi kwenye korido.

"Tutaichonga upya," akasema. "Ile iliyobaki chini itatuonyesha njia."

"Wewe na nani?" wifi akauliza.

"Mimi na nyinyi."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tulilivua gobori kitako chake, mtutu ukabanwa kwenye jiliwa katika kile chumba cha nyuma anachokiita karakana. Akachomeka fimbo ndefu ya chuma ndani ya mtutu, akayeyusha madini ya risasi kwenye sufuria kuukuu, akamimina kule chini, yaizunguke ncha ya ile fimbo. Yalipopoa yakawa kizibo chenye matuta saba, kila tuta limekaa katika mfereji wake. Kwenye tuta moja akapachika jino dogo la chuma kigumu. Ukivuta fimbo, matuta yanafuata mifereji ya zamani, na jino linachonga. Likiacha kukwaruza, unaliwekea chini yake kipande cha karatasi nyembamba, linyanyuke kidogo, unavuta tena. Karatasi nilitoa mimi, ile laini inayofunikia viatu vipya ndani ya boksi.

Shida ni kwamba karakana ni fupi. Fimbo ilibidi ipite dirishani iingie jikoni, na mvutaji asimame kando ya jiko. Shida ya pili aliisababisha mume wangu mwenyewe. Kwa kuwa mikono yake inatetemeka, aliogopa mpini kulegea, akauchomelea kwenye fimbo ukakaza kabisa. Akasahau kwamba kizibo kikifuata mifereji inayojisokota, fimbo nayo itazunguka, na mpini utazunguka, na aliyeshika mpini afanyeje?

Azunguke naye.

Wa kwanza kuvuta nilikuwa mimi. Nilianza mikono ikiwa sawa kama mwenye kubeba sinia. Kufika nusu, mkono mmoja ulikuwa juu na mwingine chini. Kufika mwisho, mikono imepishana, nimepinda kiuno, shavu langu liko karibu na birika.

"Wifi," akasema wifi yangu, "unavuta au unaingia kwenye oveni?"

"Njoo wewe."

Akaja. Yeye ana mwili kunizidi. Alipinda, akapinda, akaguna, kisha kicheko kikamshinda katikati ya safari, akabaki ananing'inia kwenye mpini hawezi kwenda mbele wala kurudi.

Sauti ya mume wangu ikatoka karakana. "Msiache, jino litaacha alama."

"Kaka, hapa jino nitaacha mimi."

Ndipo alipoingia yule mtoto wetu mwenye sebule. Alikuja na baiskeli, na kwa kuwa mikono yote ilikuwa kwenye usukani, kile kifuniko cha taa alichonunua alikuwa amekivaa kichwani. Alikuja kupima kama kitalingana na mtutu. Alisimama mlangoni akatutazama, na sisi tukamtazama, na sikumbuki nani alianza. Najua nilikaa chini sakafuni kwa kucheka.

"Shangazi," akasema alipopata pumzi, "mnafanya nini?"

"Tunakunyima taa. Vua hicho kitu uje uvute."

Akavuta. Kijana mrefu vile alijikunja mpaka kichwa kikawa chini ya meza. Alipojikunjua alitoka nje, tukasikia chuma kinagongwa, akarudi na pedeli moja ya baiskeli yake.

"Hii ukiishika inazunguka yenyewe, Baba Mkubwa. Kata ule mpini, chomelea hii."

Mume wangu aliigeuza ile pedeli mkononi kwa muda. Yule kijana alikuwa anataka taa, na ametoa pedeli yake ili aikose. Jioni alirudi kwao akiikokota baiskeli, na kifuniko kichwani, maana mikono bado ilikuwa na kazi.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kama kumsukuma mtoto kwenye bembea. Mfereji mmoja ukiisha tunahamia mwingine. Mume wangu anaweka karatasi na mafuta, wifi na mimi tunapokezana, kijana akija anavuta za mwisho. Nilijifunza kusikia kwa mikono. Pakiwa na kilima ndani, pedeli inakunong'oneza. Mwishowe mtutu ulikuwa umepanuka kidogo, mume wangu akatengeneza kalibu mpya ya kumiminia risasi kubwa zaidi. Alipotumbukiza moja, haikushuka. Ilikaa mdomoni ikisubiri kusukumwa. Wifi aliibusu, akapata masizi mdomoni.

Siku ya ukaguzi tulikwenda wote wanne. Wapigaji wamepangwa mstari, kila mmoja na ubao wake mbali kule. Wifi alipima baruti mwenyewe, akashindilia mwenyewe. Kwanza alilipua baruti tupu kusafisha mtutu, ikatoa moshi wa kujaza chumba. Ukamchafulia miwani, akaipandisha kwenye paji la uso akapakia risasi. Mimi nilikuwa nimeziba masikio na kufumba macho. Mume wangu naye, nadhani, alikuwa amefumba.

Zilipokwisha tatu, mkaguzi alichukua darubini yake, akatazama muda mrefu.

"Mama," akasema kwa upole, "ubao wako hauna hata mkwaruzo."

Mume wangu aliinamia mikono yake kana kwamba ndiyo iliyokosea, nikaishika. Yule kijana, badala ya kufurahi, alikuwa anapangusa miwani ya shangazi yake kwa shati.

Kisha mzee mmoja aliyepiga kando yetu, mwenye kofia nyekundu, akapaza sauti, jicho kwenye darubini yake. "Mkaguzi, hebu njoo. Nimepiga tano, na hapa nahesabu matundu manane."

Tukaenda wote hadi kwenye ubao wake, karibu tunakimbia. Matundu yake matano yalikuwa madogo, yametawanyika kama kunguni waliowashiwa taa. Na katikati kabisa, matatu makubwa ya kupitisha dole gumba, yamegusana.

Mkaguzi aliyafunika kwa kiganja. Kiganja kikatosha na kubaki.

"Sharti linasema sahani ya kikombe," akasema, akijitahidi uso usicheke. "Halisemi ubao wa nani. Gobori limepita. Mpigaji itabidi tumjadili."

"Mjadilini," wifi akasema tuliporudi mstarini, akivaa miwani yake safi na kumwaga baruti kwenye kipimo. "Mimi sijaanza. Wewe mwenye kofia, nionyeshe ubao wako ni upi, nikuachie."