Bunduki ya Kuungwa

Kondoo wa Retta Ostrander walianza kuzaa mwezi wa Aprili, theluji ikiwa bado imeng'ang'ania mabondeni. Koyote nao, hao binamu wa mbweha, walikuwa wakiungoja msimu huo kuliko hata yeye. Asubuhi alikuta manyoya na damu kwenye nyasi, na kondoo mama amesimama kando akilia. Nyumbani hakukuwa na bunduki. Mumewe alipomkimbia na mwanamke wa mji wa Casper, aliichukua pamoja na gari zuri.

Jumapili, walipotoka kanisani na kukaa kula, aliwaambia ndugu zake. Burl, kaka mkubwa, muuza matrekta, hakuinua hata uso kwenye sahani.

"Nenda dukani kwa Opal. Dola mia saba, darubini iko juu yake tayari. Unatoka nayo mlangoni."

Thayne, kitinda mimba, akacheka. "Mia saba! Ukinunua nzima unalipia jina, boksi, na picha ya paa iliyochapwa kwenye boksi. Mimi nitaagiza mtutu peke yake, kitako peke yake, kila kitu peke yake, halafu nakuungia mwenyewe. Mia tano, na itakuwa bora."

"Kwanza muulize ile pikipiki aliyokuwa anaiunga iko wapi," Burl akasema akimimina mchuzi juu ya viazi. "Iko kwenye maboksi, gereji, inalea panya."

"Afadhali mimi ninayejaribu. Wewe unauza matrekta na kubadilisha oili hujui."

"Nyamazeni," Retta akasema. Moyoni alijua Burl ana hoja. Lakini Burl alikuwa na namna ya kusema kama hakimu anayemsomea mtu hukumu, na Retta alikuwa amechoka kuhukumiwa tangu ndoa yake ivunjike. Akampa Thayne ile mia tano.

Mwili wa bunduki, ile sehemu ambayo sheria inaihesabu kuwa ndiyo bunduki yenyewe, ulipitia dukani kwa Opal, mwenye leseni, naye akatoza ada yake. Baada ya hapo simu zikaanza.

"Dada, mtutu umefika, mzuri ajabu! Ila kitako nilichofikiria hakiukubali. Kuna kingine, kimezidi kidogo tu."

"Kidogo ngapi?"

"Mia na hamsini."

Akatuma. Wiki iliyofuata ikawa triga, kile kifyatulio cha risasi, kwa sababu ya mwanzo ilikuwa nzito. Kisha spana maalumu ya kukazia mtutu, kisha kipimo cha kuhakikisha risasi inakaa sawasawa, maana bila hicho bunduki inaweza kumlipukia mtu usoni. Kila kifurushi kilikuja na gharama yake ya posta. Retta akawa analala malishoni ndani ya gari lake bovu, anapiga honi akisikia kitu. Koyote waliizoea ile honi. Wanakondoo waliendelea kupungua.

Siku moja akaingia dukani kwa Opal, mama mwenye mvi aliyerithi duka kwa baba yake, akamuuliza waziwazi: inakuwaje vipande vimekula zaidi ya dola elfu moja, na bunduki nzima iko pale ukutani kwa mia saba?

"Kiwanda kinanunua chuma kwa mabehewa, mwanangu," Opal akajibu. "Kinaunga bunduki maelfu kwa mashine zilezile. Wewe ukinunua kipande, kila aliyekitengeneza anataka faida yake, na kila aliyekisafirisha anataka nauli. Kuunga kunalipa iwapo nusu ya vitu unavyo tayari. Au kama unataka kitu ambacho hakuna anayekiuza." Akaegemea kaunta. "Na huo mtutu aliouagiza Thayne, wewe utaubebaje?"

"Kwani huo mtutu una kasoro gani?"

"Ni wa mashindano ya shabaha. Mrefu, mnene kama mpini wa shoka. Unapiga ukiwa umelala kwenye mkeka, siyo ukizunguka malishoni."

Retta hakuaga. Aliendesha moja kwa moja hadi gereji kwa Thayne. Bunduki ilikuwa imekamilika, imelala juu ya taulo safi mezani, inang'aa. Akainyanyua. Uzito ukamvuta mikono chini.

"Iko tayari tangu lini?"

Thayne akajifuta mikono kwenye suruali. "Nilikuwa naijaribu tu. Dada, mita mia tano inatoboa kisoda!"

"Nimekuuliza, tangu lini?"

"Kama... wiki mbili."

"Wiki mbili mimi nalala kwenye gari na honi! Hii siyo bunduki yangu, Thayne. Uliitaka wewe, hela huna, ukanifanya mimi benki. Umeijenga kwa kondoo wangu!"

"Nimeifanyia kazi! Ungemlipa fundi ungelia!"

"Ningemlipa fundi ningeipata!"

Mlangoni kukasikika kicheko. Burl alikuwa ameliona gari la dada yake akasimama. Alijiegemeza pale, vidole gumba kwenye mkanda, ameshiba raha.

"Nilisema. Mia saba, unatoka nayo mlangoni. Nani alinisikiliza?"

Retta akamgeukia taratibu. "Burl, kwenye kabati lako kuna bunduki ngapi?"

Kicheko kikakatika.

"Uliniazima hata moja? Ulikuwa unapita kwangu kila Ijumaa, unahesabu mizoga kwenye uzio, unatikisa kichwa. Ulitaka wafe ili wewe uwe umesema kweli."

"Hukuomba."

"Mtu akiungua unangoja aombe maji?"

Burl akatoa vidole kwenye mkanda. Thayne akaona upenyo, akadakia, "Hata mimi nilishangaa, dada, kaka mzima—"

"Wewe funga bakuli lako!" Retta akaitupia ile bunduki begani, akatoka nayo. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Opal hakumficha: bunduki iliyoungwa gereji hainunuliwi kwa bei ya vipande vyake, kwa kuwa mteja hajui nani aliukaza mtutu. Walibadilishana, bunduki kwa bunduki, kwa ile ya kawaida ukutani, na boksi moja la risasi juu yake. Retta alijua amepunjika. Alikubali. Kabla wiki haijaisha aliangusha koyote wawili kwenye ukingo wa kijito, na waliobaki wakahamia upande wa pili wa kilima.

Thayne hakuvumilia. Aliirudia dukani ile bunduki aliyoiunga, akailipia dola mia tisa, nzima. Burl alilieneza hilo mji mzima mpaka wakapigana ngumi nje ya ghala la nafaka, watu wazima wenye vipara.

Msimu wa kukata manyoya ulipofika, wote wawili walikuja kwa Retta kama kila mwaka, kila mtu na gari lake, kila mtu na mkasi wake. Walikuta vijana wawili wa kukodi wamekwisha kuanza kazi.

"Retta, hao unawalipa?" Burl akauliza. "Sisi ni ndugu zako, tunakata bure."

"Ya bure nimeshaionja," Retta akasema, akamvuta kondoo mwingine miguu, akawapa mgongo.