Vikombe Vitatu vya Ansgar

Segese nzima hakuna ulimi unaojua chai kama wangu, ingawa nusu ya maisha yangu nimekunywa uji. Ndiyo maana mjukuu wangu Loveness aliniita nionje, kabla hajampa Ansgar, mchuuzi mgeni, mtamba wake wa pekee kwa gunia la majani ya chai. Loveness alitaka kuwauzia chai hiyo wachimbaji wa dhahabu.

Ansgar alikuja na suruali iliyonyooshwa na vikombe vitatu.

"Shikamoo bibi. Chai hii huimezi haraka, unaisikiliza ulimini."

"Marahaba. Mimi huwa naimeza tu."

Ya kwanza, ya Lushoto, ilinuka sanduku la nguo. Ya pili, ya Mufindi, ilikuwa na rangi nyingi na ladha kidogo, kama mwenye nayo. Ya tatu ndiyo iliyojaa guniani. Niliionja mara mbili. Ladha ile naijua tangu sina meno, na sasa tena sina.

"Hiyo ya Rungwe," alisema.

Loveness alikuwa ameshashika kamba ya mtamba.

"Ulichuma mwenyewe, baba?" nikamuuliza Ansgar.

"Kwa mkono wangu, bibi. Jani kwa jani, kwenye ukungu."

Wasukuma tunakausha majani ya kunde tule kiangazi, tunayaita nsansa. Nilichovya vidole kikombeni, nikatoa kipande cha ganda, nikakipasua. Punje ya kunde ikabingirika mezani hadi mbele yake.

"Huko Rungwe," nikamuuliza, "mti wa chai huzaa kunde?"

Loveness akamrudisha mtamba zizini.