Waya wa Mashine ya Kumi na Saba

Picha ya mheshimiwa ndiyo iliyonipeleka Kulamawe. Watu wakiniuliza huwa nasema nilienda kutengeneza maabara ya shule ya wasichana, lakini maabara haikuwa na ubovu wowote. Kompyuta ishirini na nne nilizifunga kwa mikono yangu mwaka juzi na zote zilikuwa zinafanya kazi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: zilizinduliwa na mheshimiwa aliyeshindwa kwenye uchaguzi, na kila ukiwasha mashine, uso wake ndio unaokukaribisha. Sasa aliyemshinda alikuwa anakuja Ijumaa kuzizindua tena, kompyuta zilezile, kwa utepe mpya.

"Fundi, badilisha zote," mwalimu mkuu, Madam Ikra, aliniambia kwa simu. "Mgeni asikute hata moja iko na sura ya yule mwingine. Nitaaibika."

Ningeweza kubadilisha picha kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine, na kufikia saa tatu ningekuwa nakunywa chai. Lakini mimi, Ndegwa, nilijiona fundi mkubwa. Nina duka la kompyuta pale Isiolo mjini, na nilitaka mheshimiwa aone kazi inayofanyika kwa waya, ili akikumbuka shule zake nyingine anikumbuke na mimi.

Kazi yenyewe iko hivi. Unatengeneza kompyuta moja vizuri, na programu zake na picha yake, kisha unachukua nakala ya diski yake nzima na kuiweka kwenye seva, kompyuta ninayokuja nayo ya kuzihudumia nyingine. Kompyuta nyingine zikiwashwa hazisomi diski zao. Zinauliza kwenye waya kama kuna mtu wa kuziamsha, na seva yangu inajibu kwamba ipo. Hapo kila mashine inapokea nakala ile na kuiandika juu ya kila kitu ilichokuwa nacho, tangu mwanzo wa diski hadi mwisho. Watengenezaji wa programu hiyo, watu waangalifu kuliko mimi, waliweka swali kabla ya kuanza: una hakika? Swali hilo nililiondoa zamani. Nani ana muda wa kuzunguka chumba akibonyeza ndiyo mara ishirini na nne?

Nilifika Ijumaa saa moja na nusu asubuhi. Maabara ilikuwa imepigwa deki, viti vimepangwa, na kwa amri ya Madam kila karatasi iliyobandikwa ukutani au kwenye mashine ilikuwa imebanduliwa ili pasionekane uchafu. Niliunganisha seva, nikatuma amri, na mashine zikaanza kuamka zenyewe, safu baada ya safu. Hadi leo napenda kuliona jambo hilo, na ninajichukia kwa kulipenda.

Nilihesabu kwenye skrini yangu. Ishirini na tatu.

Nikazunguka kutafuta iliyokosa. Ilikuwa ya kumi na saba, karibu na dirisha. Waya wake wa mtandao ulikuwa umechomolewa, na ncha yake imefungwa kwenye mguu wa meza kwa kamba ya plastiki, mafundo mawili ya kubana kabisa. Mtu mwenye akili angejiuliza nani anafunga waya namna hiyo, na kwa nini. Mimi nilisonya. Nilijiambia ni wasichana na michezo yao. Nikakata kamba kwa kisu, nikachomeka waya, nikawasha mashine. Ishirini na nne. Nilifurahi kama mjinga.

Mwalimu Jattani aliingia dakika kumi baadaye, chaki bado mkononi. Yeye ni mwalimu wa hesabu aliyebebeshwa somo la kompyuta kwa sababu hakukuwa na mwingine. Hakunisalimia. Aliangalia moja kwa moja kule dirishani.

"Ndegwa, hiyo ya kumi na saba nani amewasha?"

"Mimi. Waya ilikuwa imetoka."

"Haikutoka. Mimi nilitoa." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayeogopa kufika mwisho wa sentensi. "Wewe mwenyewe uliniambia mashine isiyo na waya huwezi kuifikia. Nikatoa waya, nikafunga, nikabandika karatasi. Mradi wa Farhiya uko ndani ya hiyo."

Farhiya nilimfahamu. Alikuwa kidato cha nne, na ndiye mtahiniwa pekee wa somo la kompyuta mwaka ule, kwa sababu wenzake waliliacha mmoja mmoja. Mradi wa mtihani aliufanyia kazi tangu mwezi wa pili, nao ulipaswa kutumwa kwenye CD Jumatatu. Bila huo mradi hangepata alama ya somo, na somo hilo ndilo alilolitegemea kuingia chuo. Nilikuwa na CD tupu kwenye begi langu. Jattani alikuwa ameniomba nije nazo, tunakili kazi hiyo mchana, wageni wakiondoka.

"Hana kopi kwa flashi?" niliuliza, na jibu nilikuwa nalijua. Flashi zilipigwa marufuku maabara ile kwa sababu ya virusi. Sheria hiyo niliiandika mimi, na matundu yote ya kuchomekea flashi niliyafunga mimi.

Jattani alinyoosha kidole. Alinionyesha skrini. "Imefika thelathini na tano. Si imebaki nyingi? Zima basi! Si unaweza kuzima?"

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu. Nakala ile inaandika kutoka mwanzo wa diski kwenda mbele. Kazi za wanafunzi hukaa sehemu ya mwisho. Kwenye asilimia thelathini na tano, kazi ya Farhiya ilikuwa haijaguswa. Ningechomoa umeme dakika ile, mashine ingekufa kwa siku hiyo, lakini nikienda na diski dukani, kufikia jioni ningekuwa nimeitoa kazi yake yote. Nimeshawafanyia watu hivyo mara nyingi. Si kazi ngumu.

Madam Ikra alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni. "Wageni wametoka Isiolo!" Kisha akatuona nyuso zetu. "Kuna nini? Kuna machine haitawaka?"

Aliniuliza mimi, si Jattani. Ningejibu ndiyo, moja haitawaka, kuna msichana ana mtihani. Lakini niliiona safu ile ya dirishani, ambayo mheshimiwa angeipita akiingia, na katikati yake skrini moja nyeusi, na mheshimiwa akiuliza ni fundi gani huyu. Niliwaza shule zake nyingine.

"Zote zitawaka, Madam," nikasema. Nikamgeukia Jattani na kushusha sauti. "Ikishaanza imeshafuta, mwalimu. Hata nikizima sasa hakuna kitu."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Kila anachojua kuhusu kompyuta amekipata kwangu. Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi akaiangalia ile asilimia ikipanda, arobaini, hamsini, sabini, na mimi nikaiangalia naye. Nilikuwa na nafasi ya kubadili mawazo kwenye kila namba. Ilipofika mia, mheshimiwa mpya akatokea kwenye skrini anatabasamu.

Wageni walifika saa nne na nusu. Utepe ukakatwa, makofi yakapigwa. Madam, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alimwita Farhiya mbele. "Huyu ndiye mtahiniwa wetu, mheshimiwa. Ametengeneza mfumo mzima wa kuweka rekodi za zahanati. Farhiya, hebu onyesha mgeni."

Jattani alikuwa amejaribu kumtafuta msichana kabla, lakini wanafunzi walikuwa wamepangwa uwanjani wakiimba. Kwa hiyo Farhiya alijua pale pale, mbele ya watu. Alikaa kwenye mashine yake. Akafungua sehemu ya mwisho ya diski, ikawa tupu. Akafunga, akafungua tena. Akatafuta jina la faili lake kwa kuliandika herufi moja moja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na niliona shingo yake ikikakamaa chini ya mtandio. Kisha akamtazama Jattani, na Jattani akainamisha kichwa.

Alisimama kwa adabu, mikono imekutana mbele.

"Samahani, mheshimiwa. Bado sijaanza."

 Mheshimiwa akacheka, si kwa ubaya. "Mwezi wa saba huu na hujaanza? Nyinyi wasichana mnapenda sana kuchelewa. Kompyuta tumewaletea, kazi fanyeni wenyewe!" Wageni wakacheka. Madam akacheka huku akimkata Farhiya jicho. Na mimi nilicheka. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikicheka.

Walipoondoka kwenda kula nyama, nilibaki nikikusanya vifaa vyangu. Mheshimiwa alikuwa amechukua namba yangu. Farhiya aliingia na Jattani. Hakuwa amelia, au alikuwa ameshanawa uso.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam."

"Mwalimu amenieleza. Nataka kuuliza tu." Alikuwa ameshika daftari lake la somo, kidole katikati ya kurasa. "Hapa tulisoma kwamba kitu kikifutwa huwa bado kiko kwa diski mpaka kingine kiandikwe juu yake. Mwalimu alikuja ikiwa thelathini na tano. Kama ungezima saa hiyo, yangu haingepatikana?"

Mtoto wa miaka kumi na minane, na ndiye pekee katika shule ile aliyejua swali la kuniuliza. Jattani aliinua macho akanitazama. Alitaka sana kusikia jibu.

"Hapana," nikasema. "Daftari ni daftari. Kwa waya ni tofauti. Ikianza inafuta yote kwanza."

Jattani alipumua. "Basi ni mimi, Farhiya," akasema. "Kosa ni langu. Ningekaa hapa asubuhi nimngoje fundi, nimwambie kwa mdomo. Nilitegemea waya. Nisamehe."

 Msichana alisogea hatua moja mbali naye, kidogo tu, lakini Jattani aliona na mimi niliona. Miaka yote miwili mwalimu yule alikuwa akimfungulia maabara hata Jumapili, na sasa hakutaka hata kusimama karibu naye.

Akafunga daftari, akanigeukia mimi.

"Asante, fundi, kwa kunieleza ukweli."

"Karibu," nikamwambia.