Sehemu ya Nane

Jina la utani halikatiwi rufaa. Mratibu wa nyaraka katika taasisi ile ya utafiti wa dawa alibandikwa lake asubuhi, na kufikia saa ya chai lilikuwa limeshafika maabara, stoo ya dawa na kwa walinzi wa lango: Andika Hapa.

Kisa chenyewe kilikuwa cha kweli, na ndiyo maana kiliuma. Pale kila idara iliandika mpango wa utafiti kwa namna yake. Mkuu wa idara alichukua mpango wa zamani, akaunakili, akabadilisha jina la dawa, akaupeleka kwenye kamati ya maadili, ambayo bila kibali chake hakuna mgonjwa anayepewa hata kidonge cha majaribio. Mratibu alitengeneza kiolezo kimoja kwa wote: vichwa vilevile, mpangilio uleule, na nafasi wazi zenye maelekezo ya kujaza. Daktari wa ngozi alikubali kukijaribu kwa utafiti wake wa marhamu. Akajaza, akaruka nafasi moja, na mratibu mwenyewe hakuiona. Mwenyekiti wa kamati akampigia simu Mkurugenzi, kicheko amekibana kwa shida.

“Tunaomba kufahamishwa, hii dawa inayoitwa Andika Hapa Jina la Dawa, inatibu nini?”

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Profesa wa moyo. Alikuwa mtu wa tai kila siku, na mipango ya utafiti alianza kuiandika enzi za taipureta.

“Mimi si mtoto wa chekechea, nipewe picha nipake rangi bila kuvuka mistari,” alimwambia mratibu kwenye korido, mbele za watu. “Utafiti ni akili, bibie. Fomu za kujaza ziko uhamiaji.”

Nyumbani nako hapakuwa na ahueni. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alijizuia siku ya kwanza. Siku ya pili pacha wao walikuwa wameshalinasa.

“Mama Andika Hapa, chumvi iko wapi?”

“Iko pale ilipo siku zote.”

“Ona sasa,” mumewe akasema, huku akiwatolea pacha macho ya kuwanyamazisha. “Nyumba hii ina kiolezo na hakuna anayelalamika. Ungeniona nilivyohangaika kupika kwa kaka yangu. Nilifungua kila kopo nikitafuta chumvi, mchuzi ukaungua.”

Mratibu hakucheka, ila neno lile alilitia akibani.

Mkurugenzi alimwita wiki hiyohiyo. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

“Nakupa nafasi moja tu. Mkutano wa wakuu wa idara ndio utakaoamua. Wakikipitisha kiolezo, kitatumika taasisi nzima. Wakikikataa, kitengo chako kinafungwa na wewe unarudi masjala.”

“Nimeelewa, mkuu.”

Hakuuliza kama ilikuwa haki. Kiolezo kilikuwa na kasoro, na kasoro ilikuwa yake. Lakini sababu ya kukitengeneza ilikuwa palepale. Mwaka uliotangulia alikwenda wodini kufuata sahihi, akamkuta mgonjwa wa utafiti wa Profesa amevimba uso, midomo imejaa kama iliyoumwa na nyuki. Muuguzi alikuwa ameshika zamu ya mwenzake. Alikuwa akipekua mpango wa utafiti akitafuta vitu vitatu: dawa isimamishwe vipi, mgonjwa apewe nini, daktari gani apigiwe simu. Mgonjwa alipona. Kilichombakia mratibu akilini hakikuwa ule uso, bali vidole vya muuguzi vikifunua kurasa, vikirudi nyuma, vikifunua tena.

Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi lazima aangalie lilivunjikia wapi. Mratibu aliangalia. Kiolezo alikiandika peke yake, ofisini, mlango umefungwa. Safari hii alikibeba kwapani akaenda kwa wale watakaokitumia, akaanzia kwa muuguzi mkuu.

Muuguzi mkuu alikisoma amesimama. “Mwanangu, hiki kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kumshika mgonjwa anayetapika.”

“Ni kweli, Sista.”

“Basi vuta kiti.”

Wakabishana mpaka maelekezo yote ya dharura yakahamia sehemu ya nane, ukurasa mmoja usiochanganywa na kitu kingine. Mfamasia akafuta nusu ya maelezo ya mwanzo, akisema yalikuwa ya kumfurahisha aliyeyaandika. Mtakwimu akagoma kuguswa hesabu zake, kisha akakubali zikae mahali pamoja badala ya kutapakaa kama kuku walioachiwa. Mwisho fundi wa kompyuta akazipaka nafasi zote wazi rangi ya manjano, na akaweka kufuli: hata moja ikibaki, waraka haukubali kufungwa kuwa umekamilika.

“Hata akiwa Profesa?” mratibu aliuliza.

“Kompyuta haimjui profesa wala mfagizi, dada.”

Daktari wa ngozi hakuhitaji kubembelezwa. “Tuliaibika pamoja,” alisema. “Lete, tusahihishe pamoja.” Mpango wake wa marhamu ukaandikwa upya na kupelekwa kwenye kamati. Siku hizohizo Profesa naye akapeleka wake, wa dawa mpya ya shinikizo la damu, ulionakiliwa kutoka mpango wake wa zamani kama ilivyokuwa desturi. Majibu yote mawili yakarudi asubuhi ya mkutano, na Mkurugenzi akaingia nayo mkononi.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu na feni iliyozunguka bila kupoza chochote. Mkurugenzi alianza na mpango wa ngozi: kibali kimetolewa, maswali mawili madogo. Kisha akafungua bahasha ya Profesa. Ilikuwa nene.

“Nasoma swali la kwanza,” akasema. “Mpango unaeleza kwamba mshiriki atameza dawa kwa glasi nzima ya maji. Dawa hii ni sindano. Ataimezaje?”

Mtakwimu alipaliwa na maji yake. Mfamasia akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Mratibu peke yake hakutabasamu. Maumivu ya kicheko kile aliyajua.

“Ya zamani ilikuwa vidonge. Kosa la kunakili,” Profesa alisema kwa ukali. “Kamati inahesabu nukta na mikato. Mpango wa utafiti unapimwa wodini, haupimwi mezani.”

“Nakubaliana na Profesa,” mratibu akasema.

Wote wakamgeukia.

“Tuupime wodini. Aitwe muuguzi asiyeujua hata mmoja kati ya mipango hii miwili. Profesa amchague mwenyewe.”

Profesa alimtazama kama mtu anayetafuta mtego, asiuone. “Aitwe yule wa wodi ya watoto. Ana akili.”

Muuguzi alikuja na saa yake imening'inia kifuani na glavu mfukoni, akidhani ameitiwa kosa. Mkurugenzi akampa mpango wa ngozi. “Mgonjwa wa utafiti huu amevimba uso. Unafanya nini?”

“Huu ni wa kile kiolezo kipya?”

“Ndiyo.”

Hakuyatazama hata yaliyomo. Alifungua sehemu ya nane, ambayo muuguzi mkuu alikuwa ameshaitangaza wodi zote, akasoma kwa sauti: marhamu isimamishwe na kufutwa mwilini, dawa hii kwa kipimo hiki, daktari huyu kwa namba hii. Akafunga.

“Na huu?” Mkurugenzi akampa wa Profesa.

Muuguzi akafunua. Akaenda kwenye yaliyomo, akaja katikati, akarudi mwanzo. Feni ilizunguka. Kurasa zilisikika moja moja. Mratibu alivitazama vidole vile na akajua amewahi kuviona, ingawa mwenye navyo alikuwa mwingine.

“Samahani, wakubwa,” muuguzi akasema hatimaye, bila kuinua macho, “mgonjwa wangu keshazimia.”

Kicheko kilikuwa karibu kulipuka, lakini Mkurugenzi aliinua mkono. “Profesa, ni wako. Msaidie.”

Profesa aliuvuta mpango kwake kwa uhakika wa mtu anayeingia chumbani kwake gizani. Akafungua mahali. Hapakuwa penyewe. Akafungua pengine. Jasho likamtoka chini ya tai. Alipoyapata maelekezo ya dharura, yalikuwa maelezo madogo chini ya ukurasa wa kuhifadhi dawa kwenye jokofu, na namba ya simu iliyokuwapo ilikuwa ya daktari aliyekwisha kustaafu.

Alivua miwani.

“Yule mgonjwa wa mwaka jana,” akasema, “aliyevimba uso. Niliambiwa muuguzi alizubaa.”

“Hakuzubaa, Profesa,” mratibu akajibu. “Nilikuwepo. Alikuwa anatafuta.”

Profesa akaufunga mpango wake polepole. Alikuwa mgumu, lakini hakuwa mwongo, na ushahidi aliutumikia maisha yake yote. “Asiyekubali kushindwa si mshindani,” alisema. “Mkurugenzi, natoa hoja kiolezo kipitishwe. Idara ya moyo ianze.”

Mikono ikapanda meza nzima. Daktari wa ngozi alipandisha miwili, akaambiwa ateremshe mmoja. Muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye hakuwa na kura, alipiga vigelegele kwa niaba ya wodi, na muuguzi mkuu akavisikia kutoka korido akavipokea kabla hajajua habari yenyewe.

Wiki iliyofuata simu ya mratibu ililia. Mlango wa ofisi yake siku hizi ulikuwa wazi, na kitengo kilikuwa kimeongezewa meza ya pili.

“Bibie,” ilikuwa sauti ya Profesa, “nimemaliza kila kitu na kompyuta imekataa kuufunga waraka. Imeharibika.”

“Kuna manjano popote, Profesa?”

Panya ya kompyuta ikasikika ikibofya.

“Ukurasa wa kwanza,” akakiri. “Jina la mtafiti mkuu.”

“Basi andika hapo, Profesa.”

Kicheko cha Profesa kilisikika simuni na ukutani kwa pamoja, maana ofisi zao zilipakana. Mratibu naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu abandikwe lile jina. Kisha waraka ukaingia kwenye kioo cha kompyuta yake, umefungwa, hauna manjano. Akaufungua, akaenda moja kwa moja sehemu ya nane. Ilikuwa mahali pake.